Ngoma ya Washamba

Kijana msomaji, kuna neno moja ambalo nataka kuligombea nawe, maana nadhani umelitumia juma hili, na kama hukulitumia, basi umetumiwa. Neno lenyewe ni mshamba. Asili yake haina ila: ni mtu wa shamba, mwenye jembe na muhogo wake, ambaye bila ya yeye mwenye duka la mjini hali wala hauzi. Lakini sisi tumeligeuza kuwa tusi. Mwenzako akivaa shati la mtindo uliopita, ni mshamba. Akitamka Kiswahili kwa sauti ya kwao, ni mshamba. Akisema kwamba babu yake hupiga kayamba, basi huyo ni mshamba aliyetimia, wala hapati mwombezi.

Sina haki ya kukukemea kabla ya kukiri langu. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu tulikuwa na desturi ya kufanya usiku wa burudani kila mwisho wa muhula. Usiku mmoja walipanda jukwaani vijana watatu waliovaa kofia za ukingo mpana, kofia za kuazima, mmoja wao akiwa na gitaa. Waliimba nyimbo za Jim Reeves na Kenny Rogers, nyimbo za watu wa mashamba ya Marekani, nasi tuliwashangilia hata mabati ya ukumbi yakalia. Baada yao akapanda kijana wa huku kwetu, mzaliwa wa vijiji vya nyuma ya Takaungu, na kayamba aliyotengenezewa na mjomba wake. Hakufika mwisho wa beti la kwanza. Kicheko kilianza kwenye viti vya mbele kikaenda kama moto wa makuti, na mtu mmoja aliyekaa nyuma akalia kama punda. Nami nilicheka. Yule kijana alikwapa kayamba yake, akashuka, na hata tulipopata vyeti na kuagana hakuipiga tena mbele yetu.

Fikiri kidogo, msomaji, juu ya usiku ule. Wimbo wa mkulima wa Texas ulipigiwa makofi, na wimbo wa mkulima wa Kilifi ulipigiwa mlio wa punda. Wakulima wote wawili hulima mahindi. Wote wawili hulia kwa mvua iliyochelewa, kwa mke aliyeondoka, kwa mama aliyezikwa na mtoto akiwa safarini. Tofauti ilikuwa nini, ila kwamba mmoja alikuwa mbali na mwingine alikuwa karibu?

Baadaye nilikuja kujua jambo ambalo lilinitahayarisha zaidi. Kule Marekani, kulikotoka nyimbo zile tulizozishangilia, palikuwa na kipindi cha televisheni ambacho jina lake hasa ni mlio wa punda. Kiliitwa Hee Haw, maana hivyo ndivyo masikio ya Wamarekani yasikiavyo punda aliapo. Kilianza tarehe 15 Juni 1969 katika shirika kubwa la utangazaji liitwalo CBS. Wakuu wake walikuwa wawili. Wa kwanza ni Buck Owens, mzaliwa wa Texas, mtoto wa wakulima maskini waliolimia ardhi ya watu na kuhamia magharibi katika miaka ya shida. Wa pili ni Roy Clark wa Virginia, fundi ambaye gitaa, banjo na fidla vyote vilimtii. Walitokea mbele ya watazamaji wakiwa wamevaa suruali za kazi za shambani, na nyuma yao kulikuwa na matita ya majani makavu. Katika sehemu moja wachezaji walichomoza ghafula katikati ya mahindi, wakasema mzaha mmoja, wakazama tena. Mahindi yenyewe yalikuwa ya kubuni, yamesimamishwa ndani ya jumba la kupigia picha mjini Nashville. Mizaha ya majuma mengi ilichukuliwa kwa mkupuo mmoja katika siku chache, kisha ikakatwa vipande na kugawanywa, hiki juma hili na hiki juma lijalo, kama mwenye nyumba agawanyavyo samaki mkubwa.

Sitaki ufikiri kwamba nakisifu kipindi kile chote. Mizaha yake mingi ilikuwa ya kitoto, mingine imechakaa kabla ya kutamkwa, na wasichana walivikwa nguo zilizosahau kazi ya nguo. Mtu mwenye elimu angeweza kukitazama kwa nusu saa na kusema, hawa wamejifanya mapunda kwa hiari yao. Waandishi wengi wa magazeti ya mijini walisema maneno ya namna hiyo. Lakini mzaha ulipokwisha, Roy Clark alichukua gitaa lake, na hapo msemaji wa mjini hakuwa na la kusema, maana vidole vile havikuwa vya mpumbavu. Na mara nyingi Owens, Clark na wenzao wawili, mmoja wao mpiga banjo aliyejulikana kwa jina la Grandpa Jones, walisimama bega kwa bega wakaimba wimbo wa kanisani bila ya mzaha wowote. Mkulima aliyekuwa akitazama nyumbani kwake alijiona mzima pale: kicheko chake, ustadi wake na sala yake.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka 1971. Kipindi kile kilikuwa miongoni mwa vipindi 20 vilivyotazamwa kuliko vyote Marekani, na wakuu wa CBS wakakiondoa. Hawakukiondoa peke yake. Waliondoa pamoja nacho karibu kila kipindi chao kilichokuwa na harufu ya shamba, hata watu wakasema kwamba CBS imekata kila chenye mti ndani yake. Sababu haikuwa uchache wa watazamaji. Sababu ilikuwa kwamba wenye kutangaza bidhaa walitaka vijana wa mijini wenye fedha za kutumia, na mzee wa kijijini hakuhesabiwa kuwa mtazamaji kamili, ijapokuwa alikuwa na macho mawili kama wenziwe. Basi wenye kipindi walifanya nini? Hawakuandika barua za kulia. Walikichukua kipindi chao wakakiuza wenyewe kwa vituo vya miji mbali mbali, kimoja kimoja, na kikaishi hata mwaka 1992. Walikiua, nacho kikaendelea kulia.

Nakusimulia habari hii ya mbali kwa sababu najua ugonjwa wetu. Ukisikia habari ya Marekani utaisikiliza, na ningalianza na mwanzele ungaligeuza ukurasa.

Katika kipindi kile alikuwamo mwanamke aliyeitwa Minnie Pearl. Huyu alivaa kofia ya majani yenye maua, na kutoka kofiani ilining'inia karatasi ya bei, dola 1 na senti 98, kama kwamba mwenyewe alisahau kuiondoa aliponunua. Watu walicheka wakisema, tazama mshamba huyu. Lakini jina lake la kweli lilikuwa Sarah Cannon. Alizaliwa mwaka 1912 katika nyumba yenye nafasi, akasomea uchezaji wa michezo ya kuigiza katika chuo cha heshima mjini Nashville, na alipokuwa msichana alizunguka vijijini kufundisha watu michezo. Katika safari hizo alilala nyumbani kwa bibi mmoja wa mlimani huko Alabama, bibi mwenye ulimi wa kuchekesha na moyo wa ukarimu, na kwa bibi huyo ndiko alikopata Minnie Pearl wake. Hakumwiga ili amdhihaki. Alimvaa kwa zaidi ya miaka hamsini kama mtu avaavyo nguo ya mama yake.

Sisi pia tuna wachezaji wa namna hiyo, na miongoni mwao wamo waliotuchekesha kwa upendo. Marehemu Benson Wanjau, ambaye Kenya nzima ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang katika mchezo wa Vitimbi, alikuwa Mkikuyu aliyesema Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, na alipofariki mwaka 2015 Wajaluo walimlilia kama wao. Lakini sikiliza kwa makini baadhi ya vichekesho vya siku hizi kila atokeapo Mgiriama. Atakuwa mlinzi wa lango au mgema aliyelewa. Ataitwa kwa dharau, atajibu kwa kukosea, na hapo ndipo mzaha huisha. Hatapewa gitaa. Hatapewa wimbo wa kumalizia. Tofauti kati ya Minnie Pearl na mlinzi huyo ni kubwa kama bahari ya Kilindini. Minnie Pearl akimaliza kucheka na watu hubaki na utu wake wote, na mlinzi huyu hakupewa utu tangu alipoandikwa.

Mtu atasema: Mwalimu, wewe wawasifu Wazungu wa Nashville, nao walimfanyia nini mtu mweusi? Swali hilo ni la haki, nami silikimbii. Banjo, ambayo Wamarekani waliifanya alama ya mkulima mweupe, asili yake ni vyombo vya Afrika Magharibi vya kibuyu na ngozi, na waliokwenda nayo katika ujuzi wa vidole vyao ni watumwa. Katika kipindi cha redio cha Nashville kiitwacho Grand Ole Opry, ambacho ndicho baba wa mambo haya yote, mmoja wa nyota wa kwanza alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, mpiga kinanda cha mdomo. Mwaka 1941 walimwondoa, akarudi kupiga watu viatu rangi ili apate riziki. Alifariki mwaka 1982, na jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la muziki huo mwaka 2005, yaani miaka 23 akiwa kaburini. Charley Pride naye, mtoto wa wakulima weusi wa Mississippi, sahani zake za kwanza zilipelekwa kwa watangazaji bila ya picha yake, ili wampende kwanza kabla ya kumwona. Waliisha kumpenda. Alikuwa mgeni katika Hee Haw siku ile ile ya kwanza ya mwaka 1969. Na mwaka 1971, mwaka ule CBS ilipoamua kwamba mambo ya shamba hayana faida, chama cha muziki wa kauntri kilimtangaza Pride kuwa mtumbuizaji bora wa mwaka.

Basi mtu asije akatwambia kwamba kuupenda muziki wa kauntri ni utumwa wa akili. Nimewasikia wasemao hivyo, na wengi wao husema kwa Kiingereza. Kenya imeupenda muziki huu tangu zamani na haikuamrishwa na mtu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akihifadhi nyimbo, aliwakuta wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha. Jina hilo si jingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kwao ndani ya santuri. Wao walimfanya nusu mtu na nusu mnyama wa porini, wakamtungia wimbo wao wenyewe kwa ala zao wenyewe. Nani alimtawala nani hapo? Jim Reeves alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na hata leo, ukipita Jumapili alasiri katika nyumba za watu wazima wa nchi hii, hukosi kumsikia. Mwezi wa Julai 2024 watu walikusanyika Nairobi na kofia zao na viatu vyao virefu kuiadhimisha siku ya wachunga ng'ombe, na miongoni mwa waimbaji alikuwapo Sir Elvis, Mkenya aimbaye kauntri kwa sauti ambayo Nashville isingeionea haya. Mimi mwenyewe naupenda muziki huu. Sikuja kumvua mtu kofia.

Ugomvi wangu ni kwamba twapenda shamba la wenzetu na kulidharau la kwetu. Mtu anayelia machozi kwa ajili ya kibanda cha mbao cha Tennessee, ambacho hajakiona, huona haya kusema kwamba alizaliwa katika nyumba ya makuti ya Vuma.

Na hapa Takaungu neno mshamba lina mzizi mbaya zaidi, nawe yafaa uujue. Mji huu ulikua baada ya mwaka 1837, Seyyid Said alipowavunja nguvu Mazrui wa Mombasa, na baadhi yao wakaja kukaa hapa penye mkono wa bahari. Katika karne ile ya 19 mashamba ya mtama na ufuta ya pwani hii, Takaungu na Malindi, yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Muungwana alikaa mjini katika nyumba ya mawe, na aliyekuwa shamba alikuwa huko kwa sababu hakuwa na amri juu ya mwili wake. Wenyeji wa nyuma ya pwani waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, jina ambalo hawakujipa, na ilipasa ifike miaka ya 1940 ndipo jina la Mijikenda lilipoenea. Sisemi kwamba kila anayetamka mshamba leo ana fikira za mwenye watumwa. Wengi hawana fikira yoyote, na hilo ndilo baya lake. Lakini mtoto wa Takaungu amwitapo mtoto wa jirani yake mshamba, hutumia mjeledi uliobaki ukutani, hata kama hajui ni nani aliyeutundika.

Na washamba hao, ngoma zao zilifanya nini? Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, na ikataka kodi. Mwanamke mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, hakuwa na gazeti wala redio. Alikuwa na kifudu, ngoma ya mazishi. Aliicheza kijiji hata kijiji, watu wakaja kwa ajili ya ngoma, na walipokusanyika aliwaambia maneno yake. Serikali ilimkamata mwezi wa Oktoba mwaka ule pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka uhamishoni magharibi ya nchi, mamia ya maili kutoka kwao. Mwaka 1914 walitoroka wakaanza safari ya kurudi pwani. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kaya Fungo ikavunjwa kwa baruti. Serikali yenye mizinga iliiogopa ngoma ambayo sisi, wenye vyeti, twailia kama punda.

Najua hoja itakayofuata, maana huletwa na wazazi wema, nami sitaki kuwavunjia heshima. Husema: ngoma hizo zina uganga, na sisi ni watu wa dini, Waislamu na Wakristo. Nawajibu hivi. Ni kweli kwamba zipo ngoma za kupunga pepo, na zipo ngoma za kaya ambazo si halali kuonyeshwa kila mtu, wala wenyewe hawataki zionyeshwe. Hizo waachiwe wenyewe. Hata kifudu sikuletei jukwaani. Ni ya msiba, na msiba si mchezo. Lakini mwanzele ni ya nini ila ya kufurahi, kusimulia habari na kumtania aliyestahili kutaniwa? Sengenya, namba, kirumbizi cha Waswahili kinachochezwa kwa fimbo, chakacha ya akina mama arusini, yana dhambi gani ambayo gitaa halina? Tena mara nyingi mzazi huyo huyo ana Jim Reeves nyumbani, na Jim Reeves hakuimba za kanisani tu.

Hoja nyingine husema kwamba tayari ngoma zetu zina nafasi, kwani kila mwaka shule hushindana kwa nyimbo na ngoma. Hiyo ni nafasi, sikatai, na nimewafundisha wanafunzi wangu kwa ajili yake. Lakini tazama namna tuifanyavyo. Ngoma hukatwa ipatane na dakika, huvalishwa sare, watoto hufundishwa maneno wasiyoyaelewa ya lugha ambayo pengine mwalimu mwenyewe haisemi, na hakimu akishatoa alama kayamba hutupwa stoo mpaka mwaka ujao. Ngoma iliyozaliwa kwa mzaha na majibizano huchezwa kama askari wa gwaride. Katika mwanzele ya kweli mwimbaji huweza kumwona mkuu wa kijiji amesimama pale, akaingiza jina lake wimboni kabla hajakaa, na watu wakaangua kicheko, naye mkuu asipocheka ni aibu yake. Mwimbaji wa mashindano akifanya hivyo hupunguziwa alama.

Walichokuwa nacho watu wa Nashville, na sisi hatuna, ni juma kwa juma. Nchi yetu ilianza televisheni mwaka 1962, na Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970, mwaka mmoja tu baada ya punda wa Marekani kuanza kulia. Tangu hapo ngoma za Wamijikenda na za Waswahili zimeonekana mara nyingi, lakini aghalabu zimeonekana zikimpokea mgeni wa serikali uwanjani. Kamera huzipitia kwa nusu dakika, msemaji husema kwamba wananchi walitumbuiza, kisha picha humrudia mgeni. Hawatajwi kwa majina yao. Mpiga zumari hajulikani ni nani, alifundishwa na nani, wala kwa nini mashavu yake hayapumziki. Sisi tulikuwa na Fundi Konde, mtoto wa huku huku pwani, aliyezaliwa mwaka 1924, akapigia gitaa askari katika Vita vya Pili, akawa miongoni mwa wa kwanza kulitia gitaa la umeme katika santuri za nchi hii. Alifariki mwaka 2000. Waulize wanafunzi wa darasa lako ni nani, kisha uwaulize ni nani Kenny Rogers. Mimi nimeuliza, na majibu siyaandiki hapa.

Mwaka 2009 UNESCO iliandika mila za kaya za Wamijikenda katika orodha ya mambo yanayohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Haraka, msomaji, si neno la mapambo. Bibi yangu mzaa mama alijua nyimbo za kutwanga na za kubembeleza ambazo sikumsikia mwingine akiziimba. Nilikuwa na simu mfukoni yenye uwezo wa kuzihifadhi zote, nami nilikuwa nikiitumia simu hiyo kwa mambo ambayo leo hata siyakumbuki. Alifariki nikiwa chuoni, muhula ule ule wa kicheko. Nilipomwuliza mama yangu ni ngapi alizozishika, alianza mbili akakwama katika ya pili.

Basi nataka jambo dogo kwako. Shule yako ina usiku wa burudani, au ina ijumaa ya mwisho wa muhula, au ina mti wenye kivuli. Waache wenye gitaa waimbe kauntri yao, na wavae kofia wakitaka. Lakini baada yao apande mwenye kayamba, na yule atakayelia kama punda aitwe mbele aombwe apige yeye. Ataona kwamba mkono hautoshi: kayamba husukumwa huku na huku kwa vidole gumba vikigonga, na mbegu zilizomo ndani ya mabua lazima zifike upande wa pili zote pamoja, la sivyo hutoa sauti ya mchele uliomwagika. Huchukua miezi kujifunza.

Na kama hapana mwenye kayamba, zitengenezwe. Mabua ya matete hupatikana kandokando ya maji, kamba za mkonge tunazo kwa wingi kaunti hii kuliko karibu kila kitu, na mbegu ngumu za kutia ndani huokotwa na watoto. Mwaka jana nilikwenda kumtafuta yule kijana wa chuoni. Sasa ni mwalimu kama mimi, katika shule iliyo mbali na barabara kuu. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema alikwisha kusahau, na nadhani alisema uwongo kwa adabu. Nilipomwuliza habari za kayamba yake alinyanyuka akaingia ndani, akarudi na mbili.